Jua la saa nane

Kamba ya kuanikia nguo uani kwa mama yangu mkubwa, Mwananyamala, imehama mara tatu. Miaka yote niliyoijua ilifungwa kutoka msumari wa ukuta wa jikoni hadi kwenye mpapai, na kanga zilizoanikwa saa nne asubuhi zilianuliwa saa nane zimekauka kau. Ghorofa lilipoanza kupanda upande wa magharibi, vumbi la saruji likawa linatua kwenye mashuka, kamba ikasogezwa upande wa pili wa ua. Lilipofika sakafu ya tatu, vipande vya mbao na misumari iliyopinda vikaanza kudondoka, kamba ikasogezwa tena, ikabanwa karibu na mlango wa nyuma. Likaisha, sakafu tano, na jua likawa linaondoka uani saa nane mchana, saa ambayo Dar es Salaam nzima inalikimbia. Sasa anaanika mbele, barazani, mtaa mzima ukiangalia. Zile nguo ambazo mwanamke wa umri wake haziweki machoni pa watu anazikausha chumbani, juu ya kiti, kwa feni.

Bafu lake ni la uani, kuta za tofali zinazofika juu ya kichwa cha mtu, halina paa. Mabafu ya namna hiyo yako maelfu Uswahilini na hayakuwahi kumsumbua mtu, kwa sababu aliyeweza kuona ndani ni ndege tu. Leo roshani saba zinaliangalia. Hajawahi kumwona mtu akichungulia, na hamtuhumu yeyote. Alinunua turubai la bluu, akalifunga juu, akaanza kuoga gizani mchana kweupe.

Watu wa mitaa hii wana neno lao kwa jambo hili: kuzibiwa. Fulani kazibiwa. Umezibiwa jua, umezibiwa upepo, umezibiwa njia ya maji. Nimelisikia Kinondoni, nimelisikia Temeke, na kila mara linasemwa kwa sauti ya mtu anayeeleza habari ya mvua au ya msiba, jambo lisilo na wa kuulizwa. Sauti hiyo ndiyo iliyonifanya niandike, maana ghorofa si mvua. Lina mwenyewe, lina mchoro, lina kibali chenye sahihi na mhuri, na kabla ya jiwe la kwanza kuna mtu mahali fulani aliyekaa mezani akasema sawa.

Tusidanganyane kuhusu msongamano. Anayesema umeingia Mwananyamala juzi na maghorofa hajawahi kulala huko. Nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba sita, vitatu kila upande na ukumbi katikati, ilijengwa kwa ajili ya watu wengi. Mwenye nyumba anakaa viwili, vinne anapangisha. Kila chumba ni kaya. Uani kuna jiko, stoo, choo na bafu, na watu ishirini wanavitumia kwa adabu waliyofunzana wenyewe: zamu ya kufagia ua, zamu ya kusafisha choo, mchango wa umeme wa Luku, ndoo yako na kopo lako. Upepo wa kusi unapovuma, kuanzia mwezi wa tano hivi, unaingia mlango wa mbele, unapita ukumbini, unatokea uani. Barazani watu wanakaa jioni, wanacheza bao, wanauza kashata, wanajua mtoto wa nani amepita na amepita na nani. Ni makazi ya watu wengi yaliyopangwa na watu waliojua joto la pwani.

Na mitaa yenyewe haikuota kama uyoga. Magomeni, Kinondoni na Temeke zilipimwa na serikali ya kikoloni kuwa makazi ya Waafrika, wakati Oysterbay ikikatwa viwanja vikubwa vya Wazungu na katikati ya mji ikiwa ya Wahindi. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini: ramani ya rangi za watu ilikuwa pia ramani ya ukubwa wa viwanja. Baada ya Uhuru, katika miaka ya 1970, ukaja mradi wa viwanja na huduma uliogharimiwa na mkopo wa Benki ya Dunia, ukazaa Sinza, Kijitonyama na sehemu ya Mikocheni. Viwanja vingi vya Sinza havikufika mita za mraba 300. Vilikatwa kwa ajili ya nyumba ya chini, familia moja au mbili, choo cha shimo, na mwembe ukibahatika. Juu ya kiwanja hichohicho, kwa vipimo vilevile, leo linasimama jengo la sakafu nne, tano, sita, na ukingo wake unafika pale ulipokuwa uzio.

Mji una haki ya kupanda juu, nalisema hilo bila kuzungusha maneno. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ni ongezeko la zaidi ya watu milioni moja katika miaka kumi. Manispaa ya Temeke peke yake ilikuwa na watu 1,346,674, na Kinondoni 982,328, tena baada ya kumegwa mwaka 2016, Temeke ikiitoa Kigamboni na Kinondoni ikiitoa Ubungo. Watu hawa lazima walale mahali. Kwa miongo jawabu letu limekuwa kwenda mbali zaidi: Tegeta, kisha Bunju, Mbagala, kisha Chamazi. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulifungua maeneo mengi ya pembezoni, na waliovipata wanajua bei yake: kuamka saa kumi usiku kuwahi daladala, mtoto kusinzia kwenye dawati saa mbili asubuhi. Mtu anayetaka kukaa karibu na kazi yake, karibu na Hospitali ya Mwananyamala au soko la Tandika, karibu na kituo cha mabasi ya mwendokasi, hana kosa. Na kama ardhi ni ileile, basi ni kujenga kwenda juu.

Tatizo linaanzia chini ya ardhi. Tuchukue kiwanja kimoja tu tupige hesabu. Nyumba ya vyumba sita, watu ishirini, choo kimoja, watu wanaingia na kopo. Inavunjwa. Panapanda sakafu tano, kila sakafu apatimenti mbili, na kila apatimenti vyoo viwili, cha masta na cha wageni, maana bila masta haipangishiki. Hivyo ni vyoo ishirini vya kuvuta maji, na tenki la choo cha kuvuta linamwaga lita sita hadi tisa kila mtu anapobonyeza. Ongeza mabafu, masinki ya jikoni, mashine za kufulia. Watu huenda wamezidi mara mbili tu, lakini majitaka yamezidi mara nyingi, na kiwanja hakijaongezeka hata unyayo.

Maji hayo yanakwenda wapi? Bomba la majitaka la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, halijafika sehemu kubwa ya jiji hili. Kwa hiyo linachimbwa karo chini ya maegesho, na pembeni yake shimo la kunyonya. Ardhi ya kunyonya iko wapi, wakati kiwanja chote kimefunikwa na zege? Inabaki ya jirani. Mama mkubwa ana kisima cha zamani ambacho sasa anakitumia kumwagilia mchicha tu. Aliacha kuoshea vyombo siku maji yalipoanza kutoa povu. Gari la kunyonya majitaka linakuja, linaziba mtaa kutwa, mpira wake mnene ukipita mlangoni kwake, na likikawia karo linafurika kwenye mtaro wa wazi. Kisha masika. Kila mkazi wa Uswahilini analijua neno kutapisha: mvua kubwa inasubiriwa, usiku, mtu anatoboa karo au shimo lake na kuachia yote yaende na mafuriko. Zamani waliokuwa wakitapisha ni maskini wasio na fedha ya gari. Nimeona sasa jambo hilo likifanywa na jengo lenye vigae na kamera getini.

Hili si suala la harufu tu. Kipindupindu kilicholipuka Agosti 2015 kilianzia Kinondoni, kikasambaa karibu nchi nzima, na kikaendelea kuua kwa miezi mingi. Anayeidhinisha vyoo ishirini juu ya udongo wa mita za mraba mia tatu anafanya uamuzi wa afya ya mtaa, hata kama kwenye fomu umeandikwa kuwa uamuzi wa ujenzi.

Maji safi yana hadithi yake, fupi. Presha ya bomba la mtaa ilipimwa kwa nyumba za chini. Ghorofa linafunga mota, mota inavuta, na bomba la uani kwa jirani linapuliza hewa. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mgawo wa maji ukatangazwa jijini, wenye matenki makubwa na mota walijaza usiku maji yalipofunguliwa. Wenye ndoo waliamka wakakuta koki kavu.

Nimetaja kibali. Ukipita kwenye jengo linalopanda utaona bango la mradi: mwenye mradi, mkandarasi, msanifu, mhandisi mshauri, namba za usajili. Sheria inalitaka, na ni kitu kizuri, maana jengo likiporomoka tunajua pa kuanzia. Lakini hebu lisome kwa macho ya jirani. Linamwambia nani anajenga. Halimwambii zinapanda sakafu ngapi, karo litakaa upande gani, ukuta utakuwa umbali gani na wake, wala pa kupeleka neno lake na mwisho lini. Kwa mama mkubwa bango lilitundikwa nguzo za sakafu ya pili zikiwa zimeshamwagwa zege. Kabla ya hapo taarifa pekee aliyoipata ilikuwa ya mabati: aliamka asubuhi moja akakuta kiwanja cha jirani kimezungushiwa mabati, na nyumba aliyoizoea kwa miaka arobaini ikitolewa madirisha.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 haimnyimi mwananchi sauti. Inataka wamiliki na wadau wa eneo washirikishwe mpango unapoandaliwa, na rasimu iwekwe mahali watu wataiona na kuipinga. Jiji lina Mpango Kabambe wa 2016 hadi 2036, uliokuja baada ya ule wa 1979 kuzeeka bila mrithi kwa muda mrefu mno. Kwenye ngazi ya mpango, basi, mlango upo. Unapofungwa ni kwenye ngazi ya kiwanja. Eneo likishatajwa kwamba linaruhusiwa kuongezwa msongamano, kila ghorofa linaombewa kibali peke yake, linakaguliwa peke yake, linapitishwa peke yake, kana kwamba limesimama porini. La kwanza halina shida. La pili pia. Likifika la tisa mtaro umeziba, presha imekufa, gari la zimamoto haliingii mtaani kwa sababu ya magari yaliyolala nje, na hakuna kibali hata kimoja unachoweza kukinyooshea kidole useme hiki ndicho kilichotufikisha hapa.

Wajenzi wana hoja na mimi nimeisikiliza. Wanasema wamelipa ardhi bei ya soko, wanadaiwa na benki, na kibali huchukua muda; wakianza kumuuliza kila jirani, hakuna kitakachojengwa, kwa sababu jirani siku zote atakataa. Sikubaliani na sehemu hiyo ya mwisho. Majirani niliozungumza nao hakuna aliyetaka ghorofa lisijengwe. Wengi wana watoto wanaohangaika kutafuta chumba, na wengine wanatamani kujenga lao. Wanachotaka ni vitu unavyoweza kuvihesabu kwa vidole: ukuta usogee mita chache, roshani zielekee barabarani badala ya uani kwa mtu, karo likae mbali na kisima, zege lisimwagwe usiku wa manane. Mambo haya yakisemwa mchoro ukiwa bado karatasi, hugharimu kifutio. Yakisemwa baada ya slabu ya tatu hayawezekani tena, na ndipo yanapogeuka ugomvi wa baraza la kata.

Kisha kuna hofu ambayo watu wanaisema kwa sauti ya chini. Ukutani kwa mama mkubwa, chumba cha pili kushoto, kuna ufa ulioanzia kona ya dirisha wakati msingi wa jirani ukichimbwa. Fundi mmoja alimwelekeza atie alama. Kwa hiyo kila ufa unapofika anachora mstari mdogo kwa penseli na kuandika tarehe, kwa mwandiko wa darasa la watu wazima alikojifunzia. Alama ni tano. Ya mwisho iko karibu na dari. Mpangaji wa chumba hicho, kijana wa bodaboda, amesogeza kitanda ukuta wa pili.

Anaogopa kwa sababu anakumbuka. Mwaka 2006 hoteli ya ghorofa iliporomoka Keko, wilayani Temeke, na Waziri Mkuu wa wakati ule, Edward Lowassa, akaunda tume ya kukagua maghorofa ya jiji. Machi 29, 2013, Ijumaa Kuu, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, lilianguka asubuhi likaua watu 36. Watoto waliokuwa wakicheza mpira pembeni walikuwa miongoni mwao. Novemba 16, 2024, Jumamosi, wafanyabiashara wakiwa wamefungua maduka, ghorofa lilianguka Kariakoo. Waliokufa hawakupungua 29, na jiji zima lilikaa siku kadhaa likisikiliza habari za watu waliokuwa hai chini ya kifusi, wakiongea na waokoaji kwa simu na kuomba maji. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akatangaza timu ya kukagua majengo ya Kariakoo.

Kariakoo ndiko pa kutazama kwa yeyote anayekaa Kinondoni au Temeke. Nayo ilikuwa mitaa ya nyumba za vyumba sita, baraza na miembe. Iligeuka kiwanja kimoja baada ya kingine, kila mmoja akijenga hadi mwisho wa mpaka wake na wengine wakichimba kwenda chini, hadi ukuta wa jengo moja ukawa ndio tegemeo la jingine. Wakazi wengi waliondoka. Vilivyobaki zaidi ni maduka, stoo na walinzi. Nairobi pia ina funzo lake: mtaa wa Pipeline, Embakasi, ambako majengo ya kupanga yamebanana hadi wapangaji wa sakafu za chini wanawasha taa adhuhuri. Na wakazi wa Barabara ya Rhapta, kule Westlands, walilipeleka suala la urefu wa maghorofa mahakamani. Hao wana chama, wana mawakili, wana barua pepe. Sijui mkazi wa mtaa wa Tandale angeanzia wapi.

Upande wa Temeke sura ni nyingine kidogo. Ukitoka Chang'ombe kuelekea Kurasini, kinachobana makazi ni bandari: nyumba zimegeuka yadi za kontena, ua umegeuka maegesho ya malori, na mtoto anakwenda shule akipita kati ya matairi yanayomzidi kimo. Ndani zaidi, Tandika na Mtoni, ni gesti na fremu za maduka zinazomeza baraza. Barabara ya mwendokasi ya Kilwa imepandisha thamani ya kila kiwanja kilicho jirani nayo hadi Mbagala, na madalali walifika kabla ya mabasi. Lakini malalamiko ni yaleyale: maji yanapita wapi, na mbona hatukuambiwa.

Yupo mkazi ambaye hata katika malalamiko haya hatajwi, na kwa idadi ndiye wengi: mpangaji. Nyumba ya vyumba sita ikiuzwa, mwenye nyumba anapata fedha. Wapangaji wa vyumba vinne wanapata mwezi mmoja, au wiki mbili, kwa mdomo, mara nyingi kodi waliyolipa ya miezi sita ikiwa haijaisha na mabishano ya kurudishiwa yakiwa ndiyo yanaanza. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Ile fidia kamili, ya haki na ya haraka iliyoahidiwa na Sheria ya Ardhi ya 1999 ni ya pale serikali inapotwaa ardhi. Dalali na mnunuzi wakikubaliana wenyewe, haimhusu mama ntilie wa chumba cha tatu kulia. Yeye anahamia Buza, Chamazi, Kivule, na wateja wake wanabaki nyuma. Halafu tunaambiwa kwamba mji umeongeza makazi. Umeongeza, ndiyo, vyumba vyenye masta. Vyumba vya kodi anayoweza kuilipa yeye vimepungua vinne.

Wala siwezi kumlaumu kila anayeuza. Nyumba nyingi za mitaa hii ni za urithi. Baba alijenga, akafa, akaacha watoto saba wa mama wawili, na huwezi kugawa vyumba sita kwa saba. Mjenzi anakuja na pendekezo la ubia: nipeni kiwanja, nitawapa apatimenti mbili na fedha kidogo. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inaruhusu kila mmoja kuwa na hati ya sehemu yake. Kwa familia ambayo imegombana miaka kumi hiyo ni nafuu kubwa. Kwa nyingine ndiyo mwanzo wa kesi, kwa sababu kaka mmoja alisaini wengine wakiwa hawajui. Ndiyo maana ukipita Kinondoni, Magomeni au Temeke utasoma kwenye kuta, kwa rangi nyekundu na herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni anadhani ni kiburi. Mwenyeji anajua kwamba ndani ya nyumba hiyo kuna mtu halali usingizi.

Je, imewahi kufanyika vizuri? Kwa kiasi, na mfano uko Kinondoni kwenyewe. Magomeni Kota zilikuwa nyumba za zamani za serikali; zikavunjwa, na kaya 644 zikatawanyika huku kiwanja kikibaki kichaka katikati ya mji. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alifika pale, akaahidi kwamba patajengwa na wale wale watarudi. Wakala wa Majengo ukajenga maghorofa, na Machi 23, 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akayafungua. Ilichukua miaka kama kumi tangu wavunjiwe, na wazee kadhaa walikufa wakisubiri. Bei na masharti ya kuzinunua vimezua mjadala wake. Lakini angalia kilichofanyika: orodha ya waliokuwepo iliandikwa, ikatunzwa, na jengo likapimwa kwa orodha hiyo. Nyumba 644 kwa kaya 644. Kama linawezekana kwenye ardhi ya serikali, basi kwenye mitaa mingine angalau orodha inaweza kuandikwa.

Mfano wa pili ni wa zamani zaidi na mimi naupenda zaidi. Hananasif, bondeni, miaka ya 1990: wakazi waliokuwa wakiogelea kila masika waliunda chama chao, wakasaidiwa na Shirika la Kazi Duniani, mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa na wataalamu wa Chuo cha Ardhi, wakachimba mitaro na kujenga barabara kwa mikono yao, wakilipwa ujira kwa sehemu ya kazi na kuchangia nyingine. Walikaa wakakubaliana mtaro upite wapi, na mtu akakata kipande cha ua wake kwa hiari kwa sababu aliona kwenye mchoro maji ya nani yatapita. Hao hawakuwa wahandisi. Walionyeshwa mchoro mapema, basi.

Hicho ndicho ninachokitaka kwa mtaa wa mama mkubwa, na nakitaka kiandikwe kwenye kanuni kisiachwe kwa huruma ya mjenzi. Kabla kibali cha ghorofa hakijatoka, mchoro wake ubandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, si tangazo tu: mchoro wenyewe, wenye idadi ya sakafu, mahali pa karo na upande wa roshani. Usomwe kwenye mkutano wa mtaa kwa Kiswahili. Wapangaji waitwe, wasiitwe wenye nyumba pekee. Na mtu wa manispaa aje akiwa na jibu moja mkononi: baada ya jengo hili, mtaro huu, bomba hili na udongo huu vinabeba mangapi mengine? Akiwa hana jibu, kibali kisubiri mpaka alipate.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwake. Tulikaa barazani, kanga tatu zikining'inia kati yetu na mtaa, tukawa tunaongea kupitia pazia hilo la nguo na majirani waliokuwa wakitoka kanisani. Saa nane nilikwenda uani kuangalia. Kivuli kilikuwa kimeshafika kwenye kisiki cha mpapai, uliokufa mwaka jana. Kuku walikuwa wamejibanza kwenye pembe ya mashariki, kwenye utepe wa jua uliobaki, upana wa mkeka.

Upande huo wa mashariki ni nyumba ya marehemu mzee aliyekuwa fundi cherehani. Wanawe waliuza mwezi wa nne. Nilipokuwa naaga, lori lilikuwa limesimama pale, vijana wawili wakishusha mabati. Mama mkubwa aliniuliza kama bango lipo. Nilizunguka mbele nikatazama; hakuna. Akaniomba, nikija wiki ijayo, nimletee misumari minne ya nchi tano, kamba ya manila ya futi ishirini, na penseli.